Mtandao umegoma: tafuta ujumbe umekwama wapi

Ninahudumia mitandao midogo: stesheneri yenye kompyuta 4, ofisi za shule, zahanati, maduka ya pembejeo. Simu nyingi ninazopokea huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, mtandao umekata." Ninachokikuta nikifika hakifanani. Leo panya ameng'ata waya, kesho bando limeisha tangu usiku, keshokutwa kompyuta inaamini bado tuko mwaka 2009. Kwa aliyeketi mbele ya skrini yote hayo ni kitu kimoja: ukurasa haufunguki.

Swali linalonisaidia kuliko mengine yote ni hili: ujumbe umefika wapi? Unapofungua ukurasa, kompyuta inatuma vipande vidogo vya data. Vinatoka kwenye kadi ya mtandao, vinapita kwenye waya au hewani hadi kwenye swichi (kisanduku chenye matundu kinachokutanisha nyaya za kompyuta), kisha rauta (kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti), kisha kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na kutoka hapo vinasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali yenye ukurasa huo, kabla jibu halijarudi. Kila kituo kinaweza kupimwa. Ukijua kituo cha mwisho kilichofikiwa salama, umeshajua pa kutafuta ubovu, na mara nyingi utaumaliza mwenyewe.

Kabla ya lolote, ombi moja. Usibonyeze kile kitundu cha RESET nyuma ya rauta, kile kinachohitaji pini au ncha ya kalamu. Kuzima rauta na kuiwasha hakudhuru kitu. Kitundu kile kinafuta kila kitu kilichopangwa ndani: jina la Wi-Fi, nywila, anwani zilizotengwa, na kwa baadhi ya huduma hata jina la mtumiaji na nywila ya kampuni ya intaneti. Mwalimu mkuu wa shule moja aliwahi kuniita wakati wa kusajili watahiniwa. Hitilafu ya mwanzo ilikuwa waya uliochomoka. Lakini mtu alikuwa ameshabonyeza kitundu, na karatasi yenye taarifa za kampuni haikuonekana. Kazi ya dakika 2 ikawa ya siku 2, na walimu walikuwa wakihesabu saa.

Taa ya waya haiwaki

Tundu la mtandao nyuma ya kompyuta huwa na taa ndogo moja au mbili, na upande wa swichi vilevile. Taa ikiwaka, vifaa viwili vinasikiana. Isipowaka, achana na mipangilio ya Windows. Shida iko kwenye vitu vinavyoshikika kwa mkono.

Kinachoongoza ni umeme. Mtu amechomoa swichi apate pa kuchajia simu, au eksitensheni imelegea. Angalia kama swichi na rauta zenyewe zinawaka. Rauta inayojizima na kujiwasha yenyewe mara kwa mara, shuku adapta yake. Geuza rauta usome kibandiko: kimeandikwa volti na ampia inazohitaji, kwa mfano 12V 1A. Volti za adapta zilingane kabisa na hizo. Ampia ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Pini kuingia vizuri si ushahidi kwamba adapta ni ya rauta hiyo. Adapta ya 12V ikichomekwa kwenye rauta ya 5V inaweza kuiunguza papo hapo.

Baada ya umeme, kichwa cha waya. Kichomoe, kirudishe mpaka usikie kile kimlio cha "tik". Kile kilimi cha plastiki kikiwa kimevunjika, kichwa kitakaa leo na kesho kitachomoka mtu akisogeza meza. Halafu hamishia waya kwenye tundu jingine la swichi, kwa maana matundu hufa moja moja, hasa baada ya mvua za radi. Bado? Azima waya wa kompyuta ya jirani unaofanya kazi. Taa ikiwaka, mhalifu ni waya wako.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyaya mbovu ndizo zinazonipa kazi nyingi kuliko rauta mbovu.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi 4. Msokoto ule una kazi: unazuia jozi moja isiingilie mazungumzo ya nyingine. Mpangilio unaotumika sana, T568B, ni huu kutoka kushoto, kilimi kikiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama vizuri: jozi ya kijani imetenganishwa, bluu ikawekwa katikati. Wengi wakiona hivyo hudhani ni kosa, wanapanga rangi kwa mfuatano: chungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote, ncha zote mbili sawasawa. Testa ya bei rahisi, kile kifaa cha kupimia waya, itawasha taa zote 8 bila kulalamika. Waya mfupi wa mita 1 unaweza hata kufanya kazi. Ukiuvuta mita 30 hadi chumba cha pili, mtandao unakatika, unarudi, unakuwa mzito, na hakuna anayeelewa. Sababu ni kwamba pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa ziwe za jozi moja, na mpangilio ule wa mfuatano umezipa nyuzi za jozi mbili tofauti. Testa ile inapima kama uzi umefika. Kama umesokotwa na mwenzake, haina habari.

Mengine ya waya ni mafupi. Kutoka kifaa hadi kifaa usizidi mita 100. Zaidi ya hapo weka swichi katikati. Usiulaze sambamba na nyaya za umeme. Ukinunua boksi zima, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ikikunjwa na inapoteza nguvu mbali. Kwa mita 3 mezani utavumilia. Kwa kuta na dari, lipia shaba halisi.

Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote. Alama ya Wi-Fi imejaa, taa ya waya inawaka, na ukurasa haufunguki. Kujaa kwa alama ya Wi-Fi kunakwambia kitu kimoja tu: unaisikia rauta vizuri. Kama rauta yenyewe ina intaneti, ni habari nyingine.

Kwanza tazama simu au kompyuta nyingine kwenye mtandao huo huo. Zote zimekwama? Elekea kwenye rauta. Ni yako peke yake? Baki kwenye kompyuta. Kisha zima rauta, hesabu nusu dakika, iwashe, na uipe dakika 3 kabla hujaihukumu.

Isiposaidia, fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Andika ipconfig. Tafuta mistari miwili: IPv4 Address, ambayo ni anwani ya kompyuta yako, na Default Gateway, ambayo ni anwani ya rauta, mlango wa kutokea nje.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta yako haikupewa anwani na mtu yeyote, imejipa yenyewe. Kwa kawaida kompyuta ikiingia mtandaoni inapaza sauti kwa wote: nani anagawa anwani? Rauta inajibu kwa kupendekeza moja, kompyuta inaiomba rasmi, rauta inaithibitisha. Utaratibu huo ndio unaoitwa DHCP. Hakuna aliyejibu, basi ama waya una kasoro, ama rauta imeganda, ama anwani zimeisha. La mwisho hili ninalikuta sana mashuleni. Rauta imepangiwa kugawa anwani 50, walimu 30 wana simu na kompyuta mpakato, wageni wa kikao wamepewa nywila, na kila kifaa kinashikilia anwani yake kwa saa kadhaa hata kikiwa kimeshaondoka. Anayechelewa kufika anakosa. Jaribu ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ukikosa tena, ingia kwenye mipangilio ya rauta, ongeza idadi ya anwani inazogawa, na punguza muda wa kuzishikilia.

Anwani ikiwa ya kawaida, mfano 192.168.1.23, pima kituo cha kwanza: andika ping ikifuatiwa na anwani ya rauta uliyoiona, tuseme ping 192.168.1.1. Majibu yakirudi, safari ndani ya jengo ni salama. Yasiporudi, shuku anwani iliyowekwa kwa mkono zamani na fundi mwingine, au vifaa viwili vinavyogombea anwani moja. Irudishe kompyuta kwenye kupokea anwani yenyewe, ujaribu tena.

Rauta inajibu? Nenda mbele: ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya Google iliyo wazi kwa kila mtu. Ikiwa haijibu ilhali rauta inajibu, ujumbe umekwama mlangoni. Angalia bando au malipo ya mwezi kabla ya yote. Naomba usione aibu kulikagua hilo, nimekwishasafiri kilomita nyingi kwa sababu ya bando lililoisha. Kama rauta ni ya laini ya simu, isogeze karibu na dirisha uone kama mawimbi yanaongezeka. Kama ni ya faiba na taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, mwanga haukufikii. Hapo huna cha kutengeneza, piga simu kwa kampuni. Usichomoe ule waya mwembamba wa kioo kuutazama kwa ndani: mwanga wa leza unaopita humo macho hayauoni, na unaweza kuyaumiza.

8.8.8.8 inajibu na bado kurasa hazifunguki? Hii sasa ni ya majina. Kompyuta hazitafutani kwa majina kama tunavyofanya sisi. Kila jina la tovuti lazima kwanza ligeuzwe kuwa namba, na kazi hiyo ni ya DNS. Ni kama simu yenye salio lakini kitabu cha namba kimefutika. Andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani. Ikishindikana, weka kwa mkono DNS 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Kagua pia kama kuna programu ya VPN, ile inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine, iliyoachwa nusu nusu. Nyingine huacha kompyuta ikipeleka maombi yake mahali ambapo hakuna wa kuyapokea.

Ofisi nzima imekufa ghafla, na taa zote za swichi zinapepesa kwa kasi ile ile

Ukiona taa zote zinapepesa kama zimeshikwa na wazimu mmoja, tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo, au swichi mbili zilizounganishwa kwa nyaya mbili. Kwa kawaida aliyefagia ameona kichwa cha waya kinaning'inia, akakirudisha kwenye tundu lililo wazi kwa nia njema kabisa. Swichi za kawaida hazina akili ya kugundua hilo. Tangazo moja linalotumwa kwa wote linazunguka bila mwisho, linazaana, na baada ya sekunde chache hakuna nafasi ya ujumbe mwingine. Chomoa nyaya moja moja, ukisubiri kidogo kila mara. Ukifika kwenye yenyewe, taa zitatulia mbele ya macho yako. Weka alama kwa tepu kwenye kila waya kabla hujachomoa, vinginevyo utaumba tatizo la pili.

Ndugu wa tatizo hili ni rauta ya pili. Mtu ameleta ya kwake ili Wi-Fi ifike chumbani, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu lake la LAN, yaani la upande wa ndani. Sasa wagawaji wa anwani ni wawili, na kila kompyuta inapokea ya yule aliyejibu haraka. Baadhi zina intaneti, baadhi hazina, na kesho asubuhi zinabadilishana zamu. Linganisha Default Gateway za kompyuta mbalimbali, zikitofautiana, umeshampata. Kwenye rauta hiyo ya nyongeza zima DHCP na uipe anwani isiyogongana na ya kwanza, itabaki kurusha Wi-Fi tu.

Inafanya kazi, lakini polepole

Anza kwa hesabu, kwa sababu malalamiko mengine si hitilafu. Kampuni zinauza kasi kwa megabiti. Faili tunazipima kwa megabaiti. Baiti 1 ni biti 8. Huduma ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, ikikupa megabaiti 2.5 kwa sekunde, umepata ulicholipia.

Ikiwa kweli ni polepole, sababu ya kawaida ni mtu au kifaa kimoja kinachokula chote: Windows inajisasisha, simu inapakia video, kamera za ulinzi zinatuma picha nje. Pima kasi ofisi ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa. Halafu unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye rauta upime tena. Waya ukiwa na kasi na Wi-Fi ikiwa hoi, shughulika na Wi-Fi: itoe rauta juu ya kabati la chuma, iweke juu na katikati ya jengo, mbali na oveni ya maikrowevu. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz njia (channel) zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo kuchagua njia namba 3 ukidhani unawakwepa majirani kunakuweka katikati ya ugomvi wa wawili. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, ila kuta za tofali huyachosha mapema.

Kama waya nao ni mzito, kagua kasi ya muunganisho kwenye Windows. Kifaa cha gigabiti (Mbps 1,000) kikionyesha Mbps 100, huenda uzi mmoja umekatika: Mbps 100 hutumia jozi 2 tu, gigabiti inataka zote 4. Rudi kwenye habari ya vichwa hapo juu.

Kuna pia siku ambazo shida iko mbali nawe kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini zinazobeba intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo kuifungua rauta hakusaidii. Uliza majirani wanaotumia kampuni nyingine. Nao wakilia, subiri.

Tovuti zinasema muunganisho si salama

Tazama saa ya kompyuta, pembeni chini. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini ni mwaka 2009 itaviona vyote kuwa batili. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ndogo ya duara kwenye ubao mama. Nyingi ni CR2032. Lakini kama saa ni sahihi na onyo linatokea kwenye tovuti ya benki au ya malipo, simama. Usibonyeze "endelea" na usiandike nywila yoyote.

Printa ya mtandao imepotea

Mara nyingi haijaharibika: ilizimwa, ilipowashwa ikapewa anwani mpya, na kompyuta zinaendelea kuitafuta ya zamani. Chapisha karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe usome anwani yake ya sasa. Dawa ya kudumu ni kuitengea anwani moja ndani ya rauta kwa kutumia namba yake ya MAC, ile ya herufi na tarakimu 12 iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Pa kuacha na kuita fundi

Radi ikiwa inapiga, usishike waya wowote unaotoka nje ya jengo, hata kama mtandao umekatika na kazi ni ya haraka. Baada ya radi, kama matundu kadhaa ya swichi yamekufa kwa pamoja au kuna harufu ya kuungua, zima umeme ukutani na usichomeke kifaa kingine hapo. Usipande nguzo, mnara wala paa la bati kufuata waya. Ukigusa kasha la chuma la kompyuta au rafu ya vifaa ukahisi mtekenyo, hilo ni suala la umeme na kutuliza ardhini. Linamhitaji fundi umeme kabla ya fundi wa mtandao. Na ukikuta kwenye rauta DNS ambazo hukuziweka, au nywila ya kuingilia imebadilika pasipo mtu wa ofisini kuibadilisha, chomoa waya wa intaneti uache kama ilivyo, mwenye ujuzi aione kabla hujafuta chochote.

Unapompigia fundi, mwambie mambo manne: ni kompyuta moja au zote, taa zipi zinawaka na kwa rangi gani, ipconfig imeonyesha anwani gani, na ping ya rauta na ya 8.8.8.8 zimejibu nini. Yaandike kwenye karatasi au piga picha ya skrini. Mwambie pia kilichobadilika jana: kompyuta mpya, rangi iliyopakwa ukutani, meza iliyohamishwa.